Si Dawa, ni Hatua ya Nne



Juma hili tunayo barua ya baba mmoja wa Bunyakiri, ambaye ametuomba tusitaje jina lake wala shule ya mtoto wake. Twaliheshimu ombi lake. Habari yenyewe ni hii. Mtoto wake wa kiume, mwanafunzi wa sekondari, alishindana katika mchezo wa sataranji na kijana wa shule ya jirani. Mchezo ulikwisha upesi mno, kwa hatua saba tu, naye akashindwa. Aliporudi nyumbani aliutupa ubao wake nyuma ya jiko, akasema kwamba mwenzake alikuwa na dawa. Sababu yake ni hii: “Nilimla Malkia wake, kipande chenye nguvu kuliko vyote, nami sikutoa kitu. Mtu aliyepotezewa Malkia atashindaje pasipo dawa?”

Maneno hayo hayakukaa nyumbani. Yalifika kisimani, yakafika sokoni. Leo mama wa watoto hawa wawili hawasalimiani. Wanasali katika kanisa moja, lakini saa ya kupeana amani katika Misa kila mmoja hutazama upande wake. Baba anauliza mambo mawili: Je, amkataze mtoto mchezo huu? Na tena, afanye nini na maneno haya ya dawa, ambayo yameanza kumchafua mtoto wa watu?

Baba huyu amefanya jambo moja la akili, nasi twamsifu kwa hilo. Ametia ndani ya bahasha karatasi ambayo mtoto mwenyewe aliandika hatua zote za mchezo, zake na za mwenzake. Kwa karatasi hiyo twaweza kumjibu. Bila karatasi tungebaki na masimulizi tu, na masimulizi ya aliyeshindwa huwa na uchungu mwingi kuliko ukweli.

MCHEZO WENYEWE

Kwa wale wasioujua mchezo huu, tuseme machache. Sataranji huchezwa na watu wawili juu ya ubao wenye vyumba 64. Kila mmoja ana vipande 16: Mfalme, Malkia, Ngome mbili, Maaskofu wawili, Farasi wawili na askari wanane. Mchezo ulizaliwa katika nchi ya Bara Hindi, ukapita Uajemi na Uarabuni, na jina letu la sataranji limekuja kwa njia hiyo. Kipande ambacho sisi twakiita Askofu, kama Waingereza, Waarabu wa zamani walikiita tembo, na Wafaransa hukiita kichaa. Mwanafunzi wa Kongo aliyefundishwa kwa Kifaransa asishangae basi, kipande ni kilekile.

Askofu huenda mshazari. Ngome huenda moja kwa moja. Malkia anazo njia zote mbili. Farasi huruka, vyumba viwili mbele na kimoja kando. Askari huenda mbele polepole na hula kwa mshazari. Mfalme huenda chumba kimoja tu. Mshindi ni yule anayemfunga Mfalme wa mwenzake, hata akose pa kukimbilia. Kula vipande vingi si ushindi. Lishikeni neno hili, kwa maana kesi yetu yote imo ndani yake.

Kila chumba kina jina lake. Safu nane za kusimama zina herufi, a mpaka h. Safu nane za kulala zina nambari, 1 mpaka 8. Kwa hiyo ukisema “Farasi yuko e5”, mtu wa Bunyakiri na mtu wa Paris wataweka kidole mahali pamoja. Shirikisho la mchezo huu duniani, liitwalo FIDE, lilianzishwa Paris mwaka 1924, na sheria zake humtaka kila mchezaji wa mashindano ya kawaida aandike hatua zake na za mwenzake. Wengi hudhani kwamba karatasi hiyo ni kwa ajili ya mwamuzi. Kweli inamsaidia mwamuzi, lakini mwenye faida kubwa ni mchezaji mwenyewe, mchezo ukiisha kwisha.

KARATASI YASEMA NINI?

Mtoto wa baba huyu alikuwa na vipande vyeusi. Mwenye ubao na aupange, tufuatane.

Hatua ya kwanza: askari mweupe atoka e2 kwenda e4, askari mweusi atoka e7 kwenda e5. Hatua ya pili: Farasi mweupe atoka g1 kwenda f3, anamtisha askari wa e5, mtoto wetu anamlinda kwa askari mwingine, kutoka d7 kwenda d6. Hatua ya tatu: Askofu mweupe atoka f1 kwenda c4; Askofu mweusi atoka c8 kwenda g4, anamkabili Farasi wa f3, na nyuma ya Farasi huyo yuko Malkia mweupe, d1. Hatua ya nne: Farasi wa pili wa weupe atoka b1 kwenda c3, mtoto wetu anasogeza askari kutoka g7 kwenda g6.

Hatua ya tano ndiyo iliyozaa ugomvi. Farasi mweupe wa f3 anamla askari wa e5, na kwa kuondoka pale anamwacha Malkia wake wazi. Mtoto wetu anafurahi: Askofu wake wa g4 anamla Malkia, d1. Hatua ya sita: Askofu mweupe wa c4 anamla askari wa f7 na kumtisha Mfalme. Mfalme hawezi kumla Askofu huyo, kwa sababu Farasi wa e5 anamlinda. Anayo njia moja tu, kwenda e7. Hatua ya saba: Farasi mweupe wa c3 aruka mpaka d5. Mfalme ametishwa, hana pa kwenda, na hakuna awezaye kumla Farasi huyo. Mchezo umekwisha.

Sasa tutazame ubao ulivyobaki. Waliomfunga Mfalme ni Farasi wawili na Askofu mmoja. Na jeshi la Mfalme mweusi lilikuwa wapi? Malkia yuko d8, hakuinuka. Ngome zote mbili ziko pembeni, hazikuinuka. Farasi wawili na Askofu mmoja hawakuinuka. Vipande sita vikubwa vilikuwa bado nyumbani, kama walinzi waliolala wakati mwizi anavunja mlango. Mchezaji huyu alikuwa tajiri kuliko mwenzake kwa Malkia mzima, lakini utajiri wake haukuwa mahali penye kazi.

KOSA LIKO WAPI?

Mtu akishindwa, mara nyingi hutazama hatua ya mwisho tu. Mfalme alikwenda e7, akafungwa. Basi e7 ndiyo mbaya! Sivyo. Pale hapakuwa na njia nyingine. Yafaa turudi nyuma, hatua kwa hatua, na kila mahali tuulize: “Hapa palikuwa na njia nyingine? Kama ilikuwapo, ingenifikisha wapi?”

Turudi hatua ya tano, pale alipomla Malkia. Je, palikuwa na njia nyingine? Ndiyo. Angeweza kumwacha Malkia, na kwa askari wake wa d6 akamla Farasi aliyekuja e5. Hapo Malkia mweupe angemla Askofu wa g4, na hesabu ingekuwa hivi: weupe wamekula Askofu na askari, weusi wamekula Farasi. Askofu na Farasi thamani yao karibu ni moja. Kwa hiyo mtoto wetu angekuwa nyuma kwa askari mmoja tu, na mchezo ungeendelea. Wengi wameokoka katika hali mbaya kuliko hiyo. Kilichomzuia kuiona njia hiyo ni Malkia aliyesimama wazi mbele ya macho yake. Wazee wetu walikwisha kusema: Tamaa mbele, mauti nyuma. Mwenzako akikuachia kitu kikubwa bure, usinyoshe mkono kwanza. Jiulize kwanza anataka nini.

Lakini uchunguzi wetu haujafika kwenye shina. Hata kama angecheza vizuri katika hatua ya tano, bado angepoteza askari mmoja. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba ubaya ulikwisha kuingia kabla ya hapo. Turudi basi hatua ya nne.

Katika hatua ya nne weupe walikuwa wametoa vipande vitatu vikubwa: Farasi wawili na Askofu. Weusi walikuwa wametoa kimoja tu, Askofu wa g4, ambaye hakuwa na mlinzi. Ilikuwa zamu ya mtoto wetu. Angalimtoa Farasi wake wa b8 kwenda c6, mambo yangalikuwa mengine kabisa. Weupe wakithubutu kumla askari wa e5, Farasi wa c6 angewala pale pale, tena kutoka e5 angemlinda Askofu wa g4. Mtego wote ungevunjika, na mwenye kutega angebaki na hasara ya Farasi. Badala yake alimsogeza askari wa pembeni chumba kimoja, kutoka g7 kwenda g6. Hatua hiyo haikumlinda mtu, haikumtisha mtu, haikutoa kipande nyumbani. Ilikuwa hatua ya mtu asiye na shauri.

Basi hiyo ndiyo dawa tuliyokuwa tukiitafuta. Ilikuwa mkononi mwa mtoto mwenyewe, katika hatua ya nne, wakati ubao ulipokuwa shwari, hakuna aliyeogopa na hakuna aliyeliwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kuna ushahidi mwingine tena. Mtego huu una jina. Unaitwa kwa jina la Mfaransa mmoja wa karne ya 18, Bwana wa Légal, aliyekuwa mwalimu wa mchezaji mashuhuri Philidor. Kwa miaka zaidi ya 200 watu wengi wameanguka ndani yake, Ulaya na kwingineko, nao umechapwa katika vitabu vya kufundishia wanaoanza. Je, dawa gani hiyo inayochapwa kitabuni ili kila mtu aisome? Yule kijana wa shule ya jirani ama alisoma, ama alifundishwa, ama aligundua kwa akili yake mwenyewe. Katika njia hizo tatu hakuna hata moja inayostahili masengenyo. Zote tatu zastahili pongezi.

DESTURI ISIYO NGENI KWETU

Wakristu hawana haja ya kushangaa wakisikia kwamba mtu yampasa kurudia matendo yake moja baada ya moja. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, ambacho Baba Mtakatifu Paulo wa Tatu alikithibitisha mwaka 1548, alifundisha namna ya kuchunguza dhamiri kila siku. Anayetaka kuacha kosa fulani huchora mistari kwa siku za juma, na kila aangukapo hutia nukta katika mstari. Jioni hulinganisha na asubuhi, kesho hulinganisha na leo. Hiyo nayo ni karatasi ya hatua. Mtakatifu aliijua tabia ya mwanadamu: moyo usipoandikiwa hesabu, husahau deni lake na kukumbuka la jirani.

Na anayedhani kwamba sataranji ni mchezo wa wapagani, ajue kwamba mmoja wa walioandika juu yake hapo kale ni Padre wa Hispania, Ruy López wa Zafra, aliyetoa kitabu chake mwaka 1561. Mtakatifu Teresa wa Avila aliutumia mchezo huu kuwa mfano alipowafundisha watawa wake kusali, na mwaka 1944 huko Hispania aliwekwa kuwa msimamizi wa wachezaji wake.

Tuchukue na mfano wa karibu, nchi jirani ya Uganda. Katika mtaa wa Katwe, Kampala, penye matope na umaskini mwingi, mwalimu Robert Katende alianza kuwafundisha watoto sataranji. Miongoni mwao alikuwamo binti mmoja, Phiona Mutesi, ambaye shule ilikuwa imemshinda kwa kukosa karo. Mwaka 2010 alikwenda Khanty-Mansiysk, Urusi, kuichezea nchi yake katika mashindano makuu ya mataifa. Huko alipambana na wanawake waliomzidi sana kwa mafunzo, akashindwa zaidi ya mara moja. Hakuutupa ubao. Aliendelea kujifunza na mwalimu wake, na mwaka 2012, katika mashindano kama hayo huko Istanbul, alipata cheo chake cha kwanza cha kimataifa. Mwaka 2016 sinema ilitengenezwa juu ya maisha yake. Asiyekubali kushindwa si mshindani; binti huyu alikubali, ndiyo maana akaendelea.

Hata mabingwa wakubwa wamefanya hivyo. Mikhail Botvinnik wa Urusi ya Kisovieti, aliyekuwa bingwa wa dunia kwa mara ya kwanza mwaka 1948, aliwahimiza wachezaji waichunguze michezo yao wenyewe kwa maandishi na kuitoa magazetini, ili watu wengine wapate kuwaonyesha pale walipojidanganya. Mtu akijihukumu peke yake chumbani hujipunguzia adhabu. Mbele ya mashahidi ni taabu kidogo.

SHAURI KWA WANAFUNZI

Ninyi wanafunzi mnaocheza, kwa ubao wa dukani au kwa vizibo vya chupa juu ya karatasi, shikeni mambo haya matano.

La kwanza: andikeni kila hatua, hata mnapocheza mchana wa mapumziko. La pili: mchezo ukiisha, ngojeni hasira ipoe, lakini msingoje mpaka mmesahau mlichokuwa mkiwaza. Siku ileile, au kesho yake, panga vipande upya na karatasi mkononi. La tatu: pale mlipopata hasara, msisimame hapo, rudini nyuma mpaka mfike mahali ambapo bado palikuwa na njia njema. Hapo ndipo pa kuandika nukta. La nne: chunguzeni na michezo mliyoshinda. Kijana mwenye vipande vyeupe katika mchezo wetu naye ajiulize: “Je, kama Farasi wa c6 angalikuwa mahali pake, ningaliuona ule mtego haufai?” Mwenye kushinda kwa mtego leo, akauweka tena kesho bila kutazama, atalia.

La tano ni kwa wenye simu. Siku hizi zipo programu za simu zinazoonyesha kosa kwa kufumba na kufumbua. Tangu mwaka 1997 mashine ilipomshinda bingwa Garry Kasparov huko New York, hatuna cha kubishana nazo. Zitumieni, lakini baada ya kutafuta wenyewe. Mashine itakuambia kwamba g6 ni mbaya. Haitakuambia kwamba siku ile ulicheza g6 kwa sababu ulikuwa umechoka kufikiri. Hilo walijua wewe tu.

JIBU KWA BABA

Sasa, mzee wetu wa Bunyakiri, tukujibu maswali yako mawili.

Usimkataze mtoto mchezo. Mchezo haukumfundisha uwongo. Ulimwonyesha ukweli, naye akauona mchungu. Ukimkataza leo, atakuwa amejifunza kwamba penye kushindwa dawa yake ni kukimbia. Mwambie auokote ule ubao, aupange, na akuonyeshe wewe mwenyewe hatua ya nne. Wewe ukiwa hujui mchezo, ni vizuri zaidi, kwa maana itambidi akueleze polepole, na katika kueleza atasikia maneno yake mwenyewe.

Kuhusu dawa, hapa hatusemi kwa mchezo. Amri ya nane yatukataza kumshuhudia mwenzetu uwongo. Neno “ana dawa” ni jepesi kinywani, lakini likimwangukia mtoto laweza kumfuata miaka mingi, shuleni, sokoni, hata siku atakapoposa. Katika nchi yetu ya Kivu tumeona watu wangapi waliofukuzwa na kupigwa kwa neno la namna hii, ambalo hakuna aliyelichunguza? Na vita vilivyotuzunguka tangu mwaka 1996 vimetufundisha kuwa na mwepesi wa kumtafuta adui nje. Mara nyingine adui wa nje yupo kweli, wala hatutaki kuwaambia waliodhulumiwa kwamba wamejidhulumu. Lakini haki huanza kwa kutazama karatasi kwanza na kunena baadaye. Mtoto aliyezoea kuuliza “ni hatua gani?” kabla ya kuuliza “ni nani?” atakuwa mwamuzi mwema katika ukoo wake.

Kwa hiyo yafaa wewe na mama mtoto mwende pamoja, jioni moja, kwa wale jirani, mkaseme wazi kwamba neno lile halikuwa la kweli. Lilikwenda sokoni kwa miguu, nalo lirudishwe kwa miguu. Na mtoto aende na ubao wake. Iko desturi nzuri katika mashindano ya sataranji duniani kote: mchezo ukiisha, wapinzani wawili husalimiana, na mara nyingi huketi tena kwenye ubao uleule, huyu akimwambia yule, “Hapa nilikuogopa,” na yule akimwambia huyu, “Hapa sikukuona.” Hakuna amjuaye udhaifu wako katika mchezo kuliko yule aliyekushinda, wala hakuna mwalimu wa bei nafuu kuliko yeye.

Wawili hao wakiisha kuisoma karatasi hiyo pamoja, mwalimu wao apate kuwaomba waionyeshe darasani, kila mmoja upande wake. Na akina mama, Jumapili ijayo, wapeane mkono wa amani.